Kuzima Rezo Hakumkamati Mwizi

Hoja inayopendwa hapa Kamembe, Rwanda, siku hizi haina wapinzani wengi. Ukisimama kwa ajenti wa MoMo, pesa za simu, pale gare ya mabasi utaisikia. Utaisikia kwa walimu, kwa waumini wanaotoka msikitini au kanisani, hata kwa vijana wa pikipiki wanaosubiri abiria wa kuteremka mpakani Rusizi ya Kwanza. Inasema hivi: simu imekuwa chombo cha wezi, imeharibu ibada na mitihani, na dawa yake ipo tena si ghali. Iwekwe mitambo ya kuvuruga mawimbi. Iwekwe kwenye vilima wanakojificha abameni, yaani matapeli wa simu, na gerezani, kwenye vyumba vya mitihani, kwenye nyumba za ibada. Rezo, yaani mtandao wa simu, ikizimwa, mwizi atanyamaza. Na anayethubutu kuuliza sheria inasemaje anatazamwa kama shemeji wa wezi.

Naipinga hoja hiyo, ingawa wezi nawajua. Wilaya yetu ya Rusizi imepata sifa mbaya nchi nzima kwa ajili yao, kiasi kwamba ukitaja unakotoka ukiwa Kigali kuna mtu ataficha simu yake kwa utani. Namna wanavyofanya kazi haina siri tena. Ujumbe unaingia umeandikwa kama wa MoMo: umepokea faranga 50,000. Kabla hujaangalia salio, simu inalia. Ni sauti ya mtu mpole, anakuita mama au mzee wangu, anasema amekosea namba, pesa hizo ni za matibabu ya mtoto, mrudishie kwa jina la Mungu. Mama anayeuza samaki wadogo wa sambaza, mikono imelowa na magamba, anamwomba mtoto wa jirani ambonyezee *182#. Anarudisha pesa ambazo hazikuwahi kuingia. Jioni akienda kuchukua mzigo wa kesho, mtaji haupo.

Mama huyo akisema minara yote ya kilimani izimwe, namwelewa. Wasioeleweka ni wale walioketi kwenye viti vya ofisi wanaoichukua hasira yake na kuigeuza mpango.

Kwanza tuelewane juu ya chombo chenyewe. Ni kasha dogo lenye antena kadhaa zilizosimama, kila moja kwa masafa yake: megahezi 900, 1800 na 2100 kwa simu na intaneti yake, nyingine kwa GPS, nyingine kwa Wi-Fi. Kasha halikati waya wowote wala halizimi mnara. Linapiga kelele za redio kwenye masafa yale yale ambayo simu inasikilizia mnara, mpaka simu inashindwa kusikia. Mnara unaendelea kuita, simu haiitiki. Simu nayo inahangaika kutafuta, inatumia nguvu zaidi, betri inaisha kabla ya wakati. Na kelele hizo hazichagui. Hazijui ipi ni simu ya mwizi na ipi ni ya mkunga. Zinahukumu mahali, hazimhukumu mtu.

Sasa tufuate wizi wenyewe unavyokwenda. Mwizi anapopiga, laini aliyotumia imesajiliwa. Rwanda ilianza kusajili laini Februari 2013 na kufunga zisizosajiliwa mwishoni mwa Julai mwaka huo. Mnara uliopokea wito wake umeandika saa na eneo. Mfumo wa pesa umeandika zimetoka kwa nani, zimeingia kwa nani, zimehamishwa wapi, na mwishoni ni ajenti yupi aliyetoa noti. Mwizi wa mfukoni pale sokoni haachi hata robo ya alama hizo. RIB, idara ya upelelezi, inapowakamata abameni na kuwaonyesha kwa waandishi wa habari, wapelelezi wake hawakuoteshwa usiku. Wezi hao wamefuatwa kwa alama ambazo wao wenyewe waliziacha kila walipobonyeza. Kwa hiyo anayetaka kuvuruga mawimbi kilimani anataka kufuta daftari ambalo mwizi analiandika dhidi yake mwenyewe. Sijapata kusikia mpelelezi anayelilia daftari la namna hiyo lichomwe.

Nitajibiwa kwamba laini zenyewe zimeandikwa kwa majina ya watu wengine. Kweli. Kuna bibi ambaye hajawahi kumiliki simu na kitambulisho chake kimebeba laini asizozijua, kwa sababu siku moja kijana mwenye kizibao cha kampuni alimwomba amsaidie kupiga picha ya kadi. RURA, mamlaka inayosimamia mawasiliano, iliweka kikomo mwaka 2019, laini tatu kwa mtandao mmoja kwa kila mtu, na kila mmoja anaweza kukagua zilizo kwa jina lake. Lakini kikomo kinavuja pale pale laini inapouzwa. Basi tatizo tumelipata, na liko kwenye meza ya anayesajili, lina mwavuli na kiti cha plastiki, na linafunga kazi saa moja jioni. Tunaliruka hilo, tunakwenda kupigana na hewa.

Halafu kuna vilima. Anayependekeza mtambo huu nadhani ameutazama kwenye picha tu, kwenye chumba chenye kuta nne. Kasha la kawaida linafika makumi ya mita. Ukitaka kufunika kilima kizima utahitaji mtambo mkubwa wenye nguvu ya kushindana na mnara, na hapo umefunika kilima chote pamoja na shule yake, zahanati yake na duka lake. Mwizi ana miguu. Atavuka bonde, atakaa chini ya mgomba upande wa pili, ataendelea na mazungumzo yake. Watakaobaki ndani ya ukimya ni wale wasioweza kuhamisha nyumba.

Kati ya hao yumo mshauri wa afya wa kijiji. Hili nalitilia mkazo kwa sababu mjini tunalisahau. Nchi yetu ilijenga mfumo wa RapidSMS, ulioanza kujaribiwa Musanze na kuenea wilaya zote, ambapo mshauri wa afya anaandika ujumbe mfupi wa simu kuripoti mimba, dalili za hatari, kujifungua, mtoto mgonjwa. Ujumbe wa hatari unapotumwa, ndipo gari la wagonjwa linapotafutwa. Mama mwenye uchungu kwenye kilima chenye abameni hana kosa lolote zaidi ya kuwa jirani yao. Namba ya gari la wagonjwa ni 912, ya polisi 112, na kwa sisi wa Ziwa Kivu iko 110 kwa mtu aliyepatwa na ajali majini. Kivurugaji hakina mlango wa pembeni kwa namba hizo. Kikiwashwa zote zimekufa.

Hayo yameshatokea kwingine. Huko Florida, Marekani, dereva mmoja alichukizwa na watu wanaozungumza kwenye simu huku wanaendesha. Ni chuki ya haki kabisa, wengi wetu tunayo. Akaweka kivurugaji ndani ya gari lake, akawa anasafiri nacho kwenda na kurudi kazini kila siku, kwa zaidi ya mwaka. Kampuni ya simu ikaanza kuona mnara wake unaugua asubuhi na jioni. Walipomfuatilia mwaka 2013 na askari wakalisogelea gari lake, redio za askari hao zikakata mawasiliano na kituo. Tume ya mawasiliano ya huko ilimtoza dola 48,000. Alitaka barabara iwe salama, na kwa nia hiyo njema akawa anawanyima watu wa barabara ile uwezo wa kuita msaada wakigongana.

Wafaransa nao wana kisa kinachonichekesha na kunihuzunisha. Messanges, mji mdogo wa pwani ya kusini-magharibi, simu na intaneti zilikuwa zinakufa kila usiku kuanzia saa sita hadi saa tisa. Shirika la masafa likatuma fundi, akazunguka gizani na vipimo vyake, mwishowe akafika kwenye nyumba ya mji jirani. Humo alikuwamo baba aliyechoshwa na watoto wake wasiolala kwa ajili ya simu. Alikuwa amenunua kivurugaji mtandaoni ili wanawe walale. Wakalala wanawe, na miji miwili ikazimika pamoja nao. Habari hiyo ilitoka mwaka 2022, na sheria ya huko inafika faini ya euro 30,000 na kifungo cha miezi sita. Baba yule hakuwa mhuni. Ni mtu wa aina ile ile inayokaa kwenye kamati zetu za wazazi na kupendekeza mambo.

Kosa lake ni kuamini kwamba ukuta wake ni mpaka. Ndiyo hoja ninayoisikia sana kwa wenye taasisi: kiwanja changu, jengo langu, nitaweka nikitakacho. Moshi wa takataka unazozichoma uani kwako hauna habari na hati ya kiwanja, na mawimbi vilevile. Masafa ya redio hayakuuzwa pamoja na ardhi. Ni mali ya umma, na nchini mwetu RURA ndiyo inayoyasimamia. Sheria ya teknolojia ya habari na mawasiliano, Na. 24/2016 ya tarehe 18 Juni 2016, imeweka leseni kwa anayetaka kuyatumia. MTN na Airtel wanayalipia. Chombo cha mawasiliano nacho kinatakiwa kithibitishwe kabla ya kuingia sokoni. Sasa kifaa ambacho kazi yake pekee ni kuharibu masafa aliyopewa mwingine kwa leseni kitathibitishwa kwa ubora gani? Kwamba kinaharibu vizuri?

Kwetu Kamembe ukuta ni mwembamba zaidi kuliko kwingine. Simama Cyangugu ufukweni utazame: Bukavu ya Kongo iko pale, nyumba kwa nyumba. Simu nyingi za hapa hubeba laini mbili, ya Rwanda na ya Kongo, kwa sababu biashara ni moja ingawa nchi ni mbili. Ukiteremka karibu na maji, simu yenyewe inakamata Vodacom au Orange bila kukuuliza. Rezo inayovuka hivyo kuja kwetu, kelele nazo zitavuka hivyo kwenda kwao. Kivurugaji kitakachowekwa kwenye mteremko unaotazama ziwa kitawasumbua watu wa nchi nyingine, na Rwanda na Kongo zote mbili ni wanachama wa Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ambalo kanuni zake zinazikataza nchi kuharibiana masafa. Baada ya yote yaliyopita kwenye mpaka huu, kuna mtu kweli anataka ugomvi mwingine uanzie kwenye kasha la mkuu wa shule?

Na ukimya wa simu tumeuona ukitokea jirani. Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, serikali ya Kongo ilikata intaneti nchi nzima, na ikakaa imekatwa kwa muda wa wiki tatu hivi. Watu wa mpakani waliokuwa na laini za Rwanda ndio waliobaki na dirisha. Ile ilikuwa amri kwa kampuni, si kasha la antena, lakini aliyeumia ni yule yule: mfanyabiashara wa kawaida. Februari 2025, vita vilipoingia Bukavu na watu wakawa wanavuka kuja huku na mabegi kichwani, kila mmoja aliyefika upande wetu alitoa simu kwanza. Mke yuko wapi, watoto wamevukia wapi, ndugu wa mtaa wa Kadutu amejibu? Kilima chetu kingekuwa na mtambo siku zile, tungewapokea kwa mikono miwili na kuwaziba mdomo.

Nije kwenye ibada, maana huko ndiko hoja inakovaa joho. Simu kulia katikati ya rakaa au wakati wa komunyo ni utovu wa adabu, sina cha kuongeza. Lakini wenye umri wa kukumbuka waikumbuke Jumapili ya tarehe 3 Februari 2008. Asubuhi, watu wako makanisani, tetemeko la kipimo cha 5.9 likaitikisa Kivu ya kusini, Bukavu na Cyangugu pamoja. Upande wa Rwanda walikufa zaidi ya watu 30. Kanisa moja katika wilaya yetu liliwaangukia waumini na kuua watu 10. Kabla ya saa saba mchana ardhi ikatikisika tena. Tunaishi juu ya bonde la ufa; si mara ya mwisho. Anayetaka nyumba ya ibada ambamo watu mia kadhaa wamekusanyika na hakuna hata mmoja anayeweza kupiga 112, aniambie atawaeleza nini waliobaki nje wakichimbua matofali kwa mikono. Adabu ya kuzima simu ilifundishwa na mashehe na mapadri kwa neno moja mlangoni. Hilo neno limeshindwa lini hata tuhitaji umeme?

Mitihani sitaitolea jasho. Simu ya mtahiniwa inazuiwa mlangoni na mtu anayepapasa mifuko, na mtihani unaovuja huwa umevuja kabla ya chumba kufunguliwa. India wanatumia vivurugaji kwenye baadhi ya mitihani, kwa kibali cha serikali kuu; bado wizi wa mitihani ni habari ya kila mwaka huko.

Gereza ni swali gumu zaidi, na hapa wapinzani wangu wana hoja ya kweli. Mfungwa anayepiga simu kuwatapeli watu au kuwatisha mashahidi ni hatari. Wakenya wamelifanya jina la gereza lao la Kamiti kuwa kicheko: ujumbe wa "ile pesa tuma kwa namba hii" ukiingia, watu husema salamu zimetoka Kamiti. Uingereza iliruhusu uvurugaji magerezani, lakini tazama ilivyoruhusu: ilitungwa sheria ya bunge, ya mwaka 2012, kwa ajili ya jambo hilo peke yake, yenye kibali cha maandishi na sharti la kuhakikisha mawimbi nje ya gereza hayavurugwi kupita kiasi. Hata hivyo, swali la msingi linabaki. Simu haioti sakafuni. Imepita lango, mbele ya mtu mwenye sare na mshahara. Gereza linaloweka kivurugaji kabla ya kumhoji mtu wa lango limeamua kumlinda mtu wa lango. Serikali ikitaka kufuata njia ya Waingereza kwa gereza la Rusizi, ije na sheria mkononi na vipimo vya wahandisi, majirani wasikilizwe, nami nitakaa nisome. Kuagiza kasha na kulichomeka si njia hiyo.

Kuna wanaosema: mbona serikali zenyewe hutumia? Ndiyo, misafara ya wakuu huzimisha simu kando ya barabara katika baadhi ya nchi, kwa hofu ya mabomu yanayolipuliwa kwa simu. Ni hofu yenye msingi. Lakini mkono uliozoea kuzima hauishii kwenye mabomu. Cape Town, tarehe 12 Februari 2015, wabunge na waandishi waliokwenda kusikiliza hotuba ya rais Jacob Zuma walikuta simu zao zimekufa ndani ya bunge. Waandishi wakainua simu juu wakiimba warudishiwe mawimbi. Waziri wa usalama alieleza kwamba mtambo uliwekwa kwa ajili ya ulinzi na ulisahauliwa kuzimwa. Septemba 2016 Mahakama ya Rufaa ikaamua kwamba kuvuruga mawimbi siku ile kulivunja katiba na sheria. Ikiwa bunge lenye wanasheria kila kiti linaweza "kusahau" kuzima mtambo, sijui mlinzi wa usiku wa shule yetu atakumbuka vipi.

Tena hatujagusa uwanja wa ndege. Makasha mengi yanayouzwa mtandaoni huvuruga na GPS, utake usitake. Dereva wa lori huko New Jersey aliweka moja ili mwajiri asijue anakozunguka; akipita karibu na uwanja wa Newark, mfumo wa kuongoza ndege ukawa unatetereka. Alitozwa karibu dola 32,000 mwaka 2013. Uwanja wetu wa Kamembe uko mjini, ndege zinatua juu ya vichwa vya soko.

Kwa hiyo anayeutaka mtambo huu asiniambie habari za maadili. Aandike barua kwa RURA. Aeleze ni masafa gani, nguvu kiasi gani, utawashwa saa ngapi, nani ana ufunguo, mawimbi yatapimwaje nje ya ukuta na ng'ambo ya ziwa, na jina la mtu atakayeshtakiwa siku 912 ikipigwa isipatikane. Aweke sahihi. Na wakati barua inasubiri majibu, kuna kazi mbili zisizohitaji antena: mwenye duka anayeuza makasha haya chini ya meza aulizwe kibali chake, na ajenti aliyeandika laini kwa kitambulisho cha bibi asiye na simu aitwe RIB akataje aliowauzia. Wakiwa hawana muda wa wote wawili leo, waanze na ajenti.